Kubadili Dawa ya Maumivu kwa Usalama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mfamasia anayehudumu dirishani jijini Nairobi, kwa ajili ya watu wazima ambao daktari amekwisha kuwaandikia dawa ya maumivu na sasa anataka kuwahamishia nyingine. Hayachukui nafasi ya daktari anayeijua faili yako. Yanaeleza mambo ambayo mara nyingi hayapati dakika za kutosha katika chumba cha daktari, hasa zile siku mbili tatu za mpito ambapo dawa mbili hukutana mwilini, au ambapo mgonjwa hubaki bila yoyote. Madhara mengi niliyoyaona yalitokea hapo katikati.

Kwa nini daktari abadilishe dawa ambayo bado inanisaidia kiasi?

Sababu huwa nyingi. Dawa inaweza kuwa inatuliza maumivu huku ikiumiza tumbo au ikipandisha presha. Inaweza kuwa figo zimedhoofika na haziwezi tena kuitoa. Inaweza kuwa maumivu yenyewe si ya aina inayosikia dawa hiyo: mtu mwenye kisukari anayehisi miguu ikiwaka moto usiku hatapata nafuu kubwa kwa diklofenaki hata akiimeza mwaka mzima, kwa sababu maumivu yake yanatoka kwenye neva, hayatoki kwenye uvimbe. Wakati mwingine sababu ni ya kawaida tu, kwamba dawa imekosekana sokoni au bei imepanda, na si aibu kumwambia daktari hivyo waziwazi. Heri akuandikie dawa unayoweza kuinunua mwezi mzima kuliko ile utakayoinunua siku nne kisha ukae bila.

Dawa mpya ina miligramu zile zile za dawa ya zamani. Si ni sawa tu?

Si sawa, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote. Miligramu hupima uzito wa dawa, haipimi nguvu yake. Shilingi mia ya Kenya na shilingi mia ya Uganda zote huitwa shilingi mia, lakini hakuna mfanyabiashara wa Busia atakayekubadilishia moja kwa moja.

Ili uone tofauti ilivyo kubwa, chukua mofini ya kunywa, miligramu 10. Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari wengi, nguvu hiyo inakaribiana na ya kodeini miligramu 100, lakini kwa oksikodoni inafikiwa kwa miligramu 6 au 7 tu. Tramadoli huhesabiwa na baadhi ya majedwali kuwa sehemu ya kumi ya nguvu ya mofini huku mengine yakiihesabu kuwa sehemu ya tano, jambo linalokuonyesha kwamba hata wataalamu wanakadiria. Njia ya kuingiza dawa mwilini nayo hubadilisha hesabu: mofini ya sindano miligramu 10 hulingana na ya kunywa miligramu 20 hadi 30, kwa kuwa sehemu kubwa ya ile inayonywewa huvunjwa na ini kabla haijafika penye maumivu. Fentanili haipimwi hata kwa miligramu. Kibandiko chake cha mikrogramu 25 kwa saa, ambacho ni kipande chembamba cha plastiki unachoweza kukifunika kwa kidole gumba, kinakaribia mofini ya kunywa miligramu 60 kwa siku.

Nimezitaja tarakimu hizi ili ukubwa wa tofauti uonekane. Usizitumie kujifanyia hesabu nyumbani, kwa sababu daktari anapohesabu huongeza mambo ambayo jedwali halina: umri wako, figo zako, muda uliotumia dawa ya kwanza, na dawa nyingine ulizo nazo.

Nilihesabu na kuona kipimo nilichopewa ni kidogo kuliko cha zamani. Daktari amekosea?

Inaelekea hakukosea. Mwili uliotumia mofini kwa miezi huizoea mofini, lakini hauzoei kwa kiwango kile kile dawa nyingine za jamii ya afyuni, yaani ndugu za mofini kama kodeini, tramadoli, oksikodoni na fentanili. Kwa hiyo kipimo kinachoonekana sawa kwenye karatasi kinaweza kuwa kikali mno mwilini siku ya kwanza. Ndiyo maana desturi ni kupunguza kipimo kilichopatikana kwa hesabu kwa robo hadi nusu, kisha kukipandisha polepole. Mara nyingi mgonjwa hupewa pia dozi ndogo za ziada za kutumia maumivu yakichomoza kati ya dozi na dozi. Siku mbili za kwanza zinaweza kuwa na maumivu zaidi kidogo kuliko ulivyotarajia. Mpigie daktari simu umweleze. Usirudi kwenye pakiti ya zamani kuongezea.

Nianze dawa mpya saa ngapi: leo hii, kesho, au ile ya zamani ikiisha?

Swali hili ulipe uzito, na uliulize kwa maneno haya haya kabla hujaondoka dirishani. Jibu hutegemea dawa ya zamani hukaa mwilini muda gani, na ile mpya huchukua muda gani kuanza kazi.

Ibuprofeni hutoka upesi. Nusu yake huwa imetoka damuni baada ya saa mbili hivi, na hivyo anayehamia dawa nyingine ya jamii yake kwa kawaida huanza ile mpya pale ambapo dozi iliyofuata ya ibuprofeni ingekuwa. Piroksikamu ni kinyume chake kabisa. Nusu yake huchukua kama saa 50 kutoka, maana yake mtu aliyeimeza Jumatatu bado ana kiasi cha kutosha Jumatano na hata Alhamisi, na tumbo lake halijui kwamba yeye ameshaacha. Mtu huyo anaweza kuambiwa asubiri siku kadhaa huku akitumia parasetamoli.

Kwa mofini kuna aina mbili ambazo zisichanganywe. Ya kawaida, ikiwemo ile ya maji, hutumiwa kila baada ya saa nne. Ya kutoka polepole hutumiwa kila baada ya saa 12. Anayehamishwa kutoka ya kawaida kwenda ya polepole huambiwa mara nyingi ameze tembe ya kwanza ya polepole pamoja na dozi ya mwisho ya ile ya kawaida, kwa sababu ya polepole huchelewa kuamka. Tembe ya kutoka polepole haivunjwi, haitafunwi wala haisagwi, hata kama mgonjwa anapata shida kumeza. Ukiivunja, dawa ya saa 12 huingia mwilini kwa mpigo mmoja.

Hapa niongeze neno kuhusu bahasha zetu za dawa. Mfamasia akiandika 1×3 anamaanisha tembe moja mara tatu kwa siku, na akiandika 2×1 anamaanisha tembe mbili mara moja, lakini nimewaona watu wenye shahada wakizisoma kinyume. Vilevile "kila saa 12" huonekana na wengine kuwa "saa kumi na mbili", na dawa ikamezwa alfajiri peke yake. Omba uandikiwe kwa maneno: tembe moja saa mbili asubuhi, tembe moja saa mbili usiku. Hakuna mfamasia anayejiheshimu atakayechukizwa na ombi hilo.

Nimetolewa kwenye diklofenaki nikapewa meloksikamu. Je, nikizidiwa naweza kurudia diklofenaki mara moja moja?

La. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu, naproksini na selekoksibu ni ndugu wa jamii moja. Kutumia mbili kwa pamoja hakuongezi nafuu ya maana, ila huongeza vidonda vya tumbo, kuvuja damu na madhara ya figo. Ugumu ni kwamba ndugu hawa huvaa majina mengi ya biashara.

Mama mmoja aliwahi kuja kwetu akilalamika kwamba dawa mpya ya goti inamchoma kifuani na choo chake kimekuwa cheusi. Nilimwomba anionyeshe kila anachomeza, naye akafungua mfuko wa plastiki akaumwaga juu ya kaunta: karatasi za tembe za rangi ya fedha, zilizokatwakatwa, bahasha mbili zisizo na jina, jeli ya kupaka. Tulizipanga kama karata. Katika karatasi tano, tatu zilikuwa diklofenaki kwa majina matatu tofauti, kutoka maduka matatu, na ya nne ndiyo meloksikamu aliyoandikiwa wiki ile. Hakuna aliyemdanganya, kila duka lilimuuzia kile midomo yake ilichoomba, yaani "dawa ya goti". Choo cheusi kilikuwa damu, na alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa la biashara, kwa kuwa hilo dogo ndilo dawa yenyewe. Karatasi ikikatwa mahali penye jina, omba kipande kilichobaki nalo, au upige picha ya pakiti kwa simu. Aspirini ndogo ya moyo ni jambo la pekee: usiiache kwa sababu umepewa dawa mpya ya maumivu, ila hakikisha daktari anajua unaitumia. Ukiwa unatumia dawa za presha pamoja na zile za kuongeza mkojo, mkumbushe daktari, maana zikiungana na jamii ya diklofenaki watatu hao huweza kuziangusha figo kwa muda mfupi, hasa mtu akiharisha au akikosa maji.

Na parasetamoli, niendelee nayo?

Mara nyingi ndiyo, na madaktari wengi huiacha ibaki chini ya dawa yoyote mpya kama msingi. Mpaka wa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa siku, yaani tembe nane za miligramu 500, na ni chini ya hapo kwa mtu mwepesi sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi. Kinachowaponza watu ni parasetamoli iliyojificha: imo katika tembe nyingi za kodeini, katika tembe za mchanganyiko za mgongo, na katika dawa za mafua zinazouzwa kioskini. Ukihamishwa kwenda tembe ya mchanganyiko, hesabu upya. Ini huharibika kimya, na dalili huweza kuja siku mbili tatu baadaye.

Ninahama kutoka tramadoli. Kuna la pekee la kujua?

Lipo. Tramadoli hufanya kazi mbili: hugusa pale mofini inapogusa, na pia hugusa kemikali za ubongo zinazoguswa na dawa za sonona. Kwa sababu hiyo anayeiacha ghafla baada ya miezi anaweza kupata dalili za namna mbili, zile za mwili unaodai dawa ya afyuni, na wasiwasi au hisia za ajabu ambazo mofini au kodeini haitazituliza. Hupunguzwa kwa hatua.

Tramadoli pia hupunguza kinga ya mtu dhidi ya degedege, hasa kipimo kikipita miligramu 400 kwa siku au mtu akiwa na kifafa. Ikichanganywa na dawa za sonona kama fluoksetini, au na amitriptilini, inaweza kuleta jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, homa na kuchanganyikiwa. Ukiona hayo, hiyo ni dharura. Na kama unatumia karbamazepini kwa ajili ya kifafa, tramadoli huenda haikufanya kazi tangu mwanzo kwa sababu karbamazepini huivunja upesi. Mwambie daktari, kwani hilo hubadilisha hesabu yote ya kuhamia dawa nyingine.

Kodeini haikunisaidia hata kidogo, lakini dada yangu ilimlaza fofofo. Kwa nini?

Kodeini yenyewe ni dhaifu. Ini hulazimika kuigeuza kuwa mofini ndipo ifanye kazi. Watu wamezaliwa na ini zenye kasi tofauti ya kufanya hivyo. Wapo ambao hawaigeuzi kabisa, na hao hata wakiongezewa hawapati nafuu. Wapo wanaoigeuza kwa kasi mno, na kwao kipimo cha kawaida huwa kama mofini nyingi. Kundi hilo la pili ni kubwa katika Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika kuliko Ulaya, na Ethiopia limeonekana kuwa kubwa sana. Tramadoli nayo hupitia njia hiyo hiyo. Kwa sababu hii mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12, na ikaonya akina mama wanaonyonyesha wasizitumie. Mweleze daktari hali yako na ya ndugu zako wa damu, maana inaweza kumfanya aruke kodeini na kwenda moja kwa moja kwenye mofini ndogo, ambayo haihitaji kugeuzwa.

Nimeambiwa nitahamishiwa mofini. Je, maana yake ni kwamba hakuna matumaini?

Hapana. Ngazi ya dawa za maumivu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 iliiweka mofini katika daraja la maumivu makali, na ukali wa maumivu si kipimo cha siku zilizobaki. Hapa jijini, Nairobi Hospice imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wenye maumivu ya aina hii tangu 1990, na wengi wanaoitumia mofini ya maji huendelea kwenda kazini na kanisani. Watu wa kifafa hawaulizwi kama dawa yao ni ya mwisho. Mofini ina masharti yake, bila shaka: itafunga choo, na tofauti na kichefuchefu ambacho hupungua baada ya siku chache, kufunga choo hakuzoeleki. Anza dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayoanza mofini. Ukiwa na figo dhaifu, mabaki ya mofini hurundikana mwilini, na daktari anaweza kuchagua nyingine.

Kibandiko cha fentanili hubadilishwaje?

Kibandiko ni cha mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzoea dawa za afyuni na maumivu yake ni ya kila siku. Hakifai kwa maumivu ya baada ya kung'oa jino. Huchukua saa 12 hadi 24 kuanza kufanya kazi ipasavyo, hivyo anayetoka kwenye mofini ya polepole huambiwa akibandike wakati anapomeza dozi yake ya mwisho ya saa 12. Hubadilishwa kila baada ya saa 72, mahali pengine pa ngozi, na cha zamani hutolewa kwanza. Kusahau kutoa cha zamani, hasa kilicho mgongoni, ni kosa linaloua.

Kurudi nyuma nako ni kwa polepole. Kibandiko kikiondolewa, dawa iliyo chini ya ngozi huendelea kuingia. Huchukua saa 17 au zaidi kiasi chake damuni kushuka hadi nusu. Dawa mpya haianzwi kwa kipimo kamili dakika ile ile. Joto huharakisha dawa kupenya, kwa hiyo chupa ya maji ya moto, blanketi la umeme, au homa kali ni mambo ya kuripoti. Wakati wa baridi ya Julai nimelazimika kuwakumbusha watu kwamba chupa ya moto isilazwe juu ya kibandiko.

Natumia dawa za TB, au za virusi vya UKIMWI. Inahusu?

Inahusu sana. Rifampisini, iliyomo katika matibabu ya kawaida ya kifua kikuu, huliamsha ini livunje dawa nyingi kwa kasi, na oksikodoni, methadoni na fentanili zinaweza kupungua nguvu kabisa. Miezi ya TB ikiisha na rifampisini ikaachwa, nguvu hurudi polepole, na kipimo kilichokuwa kimepandishwa sasa huwa kingi mno. Upande wa dawa za virusi vya UKIMWI, ritonaviri huzuia ini kuvunja fentanili na kuifanya irundikane, ilhali efavirenzi hupunguza methadoni. Anayepokea methadoni kwa ajili ya kuacha heroini, huduma iliyoanza katika hospitali ya Mathari mwaka 2014, aseme hivyo kwa kila daktari anayetaka kumwandikia dawa ya maumivu. Methadoni hukaa mwilini kwa muda usiotabirika, na kuhamia au kuhama kutoka kwake ni kazi ya mtaalamu peke yake.

Je, nitapata arosto nikiacha dawa ya zamani?

Inategemea. Aliyetumia diklofenaki hapati. Aliyetumia dawa ya afyuni kila siku kwa wiki kadhaa, kisha akahamishiwa dawa isiyo ya jamii hiyo, anaweza kupata makamasi, jasho, kuhara, misuli kuuma, kukosa usingizi na wasiwasi. Hilo ni mwili kuzoea, na mwili kuzoea si uraibu. Mraibu huitafuta dawa hata inapomharibia maisha; mgonjwa wa saratani ya mifupa anayeamka saa nane usiku akitafuta dozi yake anatafuta kulala.

Kinga yake ni kupunguza kwa hatua. Kwa aliyetumia mwaka mmoja au zaidi, hatua ya asilimia 10 kwa mwezi ndiyo inayopendekezwa na wengi. Kwa aliyetumia wiki chache inaweza kuwa ya haraka zaidi. Pregabalini na gabapentini, dawa za maumivu ya neva, ingawa si za afyuni, nazo hazikatwi ghafla. Hupunguzwa kwa muda usiopungua wiki moja. Onyo moja zito: mtu aliyekwisha kupunguza au kuacha, akirudia kipimo chake cha zamani siku ya maumivu makali, mwili wake haukijui tena kipimo hicho, na unaweza kuacha kupumua.

Naweza kunywa bia moja, au dawa yangu ya usingizi, wakati wa mpito?

Usinywe. Pombe, diazepamu na dawa nyingine za usingizi, pregabalini, na dawa za mzio zinazolegeza, zote huuongezea ubongo usingizi ule ule unaoletwa na dawa za afyuni. Hata hivyo, kama diazepamu umeandikiwa na daktari mwingine, usiiache ghafla. Wakutanishe madaktari hao wawili, hata kwa simu.

Mimi ni mjamzito.

Usibadili chochote kabla ya kuzungumza na kliniki yako. Jamii ya diklofenaki huepukwa kuanzia wiki ya 20 kwa sababu ya figo za mtoto na maji yanayomzunguka, na dawa za afyuni zikitumika hadi uchungu huweza kumfanya mtoto azaliwe amelegea au akidai dawa.

Duka halina dawa niliyoandikiwa na wananipa nyingine. Nikubali?

Uliza kwanza kama ni dawa ile ile yenye jina jingine la biashara, au ni dawa nyingine kabisa. Ya kwanza kwa kawaida haina neno, mradi nguvu na aina ya tembe, ya kawaida au ya polepole, vinalingana. Ya pili ni mabadiliko ya matibabu, na inahitaji simu kwa daktari, hata kama muuzaji ana hakika na hata kama foleni nyuma yako inaguna. Mofini, pethidini na fentanili zinasimamiwa na sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya, kwa hiyo anayekuuzia bila cheti cha daktari anakuweka wewe pia mashakani.

Niandike nini siku za kwanza?

Daftari la shilingi ishirini linatosha. Mfano mzuri nilioletewa ulisomeka hivi: "Jumanne, saa moja asubuhi, maumivu saba, tembe moja. Saa tatu, maumivu manne, usingizi kidogo. Saa nane, maumivu sita. Sijaenda choo tangu Jumapili." Mistari hiyo ilimwonyesha daktari kwamba dawa inafanya kazi lakini haifiki mwisho wa saa zake, na kwamba choo kimesahaulika. Alibadilisha nafasi kati ya dozi, akaongeza dawa ya choo, na kipimo chenyewe hakukigusa.

Dalili gani zinahitaji msaada mara moja?

Mgonjwa anayelala na haamki vizuri anapoitwa na kutikiswa, anayepumua polepole mno au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo ikawa ya kijivu au ya bluu, mboni za macho zikawa kama kichwa cha pini, huyo amezidiwa na dawa ya afyuni. Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, umlaze ubavu, umwondolee kibandiko kama kipo, na usimwache peke yake. Hospitali zina naloksoni, dawa inayoondoa sumu hiyo, ingawa nguvu yake hudumu muda mfupi kuliko dawa nyingi za maumivu, na hivyo mgonjwa aliyeamka asirudishwe nyumbani upesi. Usimnyweshe maziwa wala kahawa, na usimmwagie maji baridi.

Kwa jamii ya diklofenaki, dharura ni choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo kupungua ghafla, uso kuvimba, au maumivu ya kifua. Madhara yoyote yasiyotarajiwa, hata yaliyokwisha, mweleze mfamasia ayaripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu kupitia fomu ya manjano. Ni kazi ya dakika kumi na haikugharimu kitu.

Dawa ya zamani iliyobaki niifanyeje?

Irudishe duka la dawa au hospitali uliyoipata, ukiambiwa hawapokei uulize ni wapi wanapokea. Usiihifadhi kwa ajili ya siku ya shida, na usimpe jirani anayeumwa mgongo, kwani hujui figo zake wala anachomeza kingine. Kibandiko kilichotumika kina dawa bado, kiasi cha kumuua mtoto atakayekiokota akidhani ni stika. Kikunje gundi ikutane na gundi, ukiweke katika chombo chenye kifuniko kigumu mahali pa juu, na ukirudishe pamoja na vingine siku unapokuja kuchukua dawa ya mwezi.